Vikombe Vilivyotobolewa Kitako

Nimesawazisha makaburi mawili kwa tingatinga, mchana kweupe, na waliolala humo ni watu wangu.

Ilikuwa nyuma ya jumba la Calloway, lile la nguzo nane nyeupe. Watumwa walilijenga miaka kumi na minne kabla ya vita vya Marekani vilivyokomesha utumwa, na bibi wa bibi yangu alizaliwa pale. Siku hizi watu huenda huko kufungia harusi. Bwana Calloway alitaka maegesho, na lori la zege lilikuwa njiani. Ramani yake ilisema pale palikuwa jaa la jiko la zamani. Niliona vigae vya vyombo na makombe ya chaza, nikaamini. Nikapita mara ya kwanza. Nikapita mara ya pili.

Mara ya tatu kikombe kilibiringika mbele ya chuma cha tingatinga. Kilikuwa kizima, ila kitako kimetobolewa. Kwetu mtu akifa, kikombe alichonywea mwisho hukwaruzwa alama ya ukoo wake, kikatobolewa kitako na kuwekwa juu ya kaburi lake, marehemu asije akakifuata nyumbani akaondoka na mtu mwingine. Cha mama nilikitoboa mwenyewe, kwa msumari.

Nikazima injini, nikatia ufunguo mfukoni, nikashuka kukiokota, nikampigia simu sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya yetu.

Mwenzangu Delmar aliuliza kama nimeua mashine. Nilipomwonyesha kikombe akavua kofia, kisha akaivaa haraka, maana Bwana Calloway alikuwa anakuja. Huyo akasema madaftari ya jumba zima anayo yeye, na hakuna mtumwa aliyezikwa hapo.

"Hayo ni matakataka ya jikoni, kijana. Washa."

Nina miaka hamsini na mbili.

"Jiko gani hilo linatoboa vikombe vyake?" nikamuuliza. "Sherifu yuko njiani. Tutamsubiri."

Akanigeuzia mgongo, akamtuma Delmar akalete ufunguo wa akiba. Delmar ana watoto wanne. Akaenda, akauleta. Alipopanda aliongea bila kunitazama.

"Kaka, toka hapo. Usinifanye niwe mtu wa namna hiyo."

Nikaketi chini pale pale, mbele ya chuma, kikombe mapajani. Injini ikawaka. Udongo ukatetemeka chini yangu. Chuma kikaja polepole, kikanibana goti la kushoto mpaka nikasikia kitu kikikatika ndani, kikasimama. Bwana Calloway akampungia Delmar mkono aendelee. Delmar hakuendelea, wala hakuzima. Tukatazamana hivyo mpaka gari la sherifu likaingia getini.

Wataalamu waliokuja kupima ardhi walihesabu makaburi kumi na tisa. Kumi na saba yamezungushiwa uzio. Kazi tumepoteza wote wawili. Goti langu halikunjiki tena. Delmar hukaa benchi la nyuma kanisani, na hutoka kabla sijafika mlangoni. Yale mawili hatutajua ni ya nani, maana vikombe vyake nilivisaga mimi.