Mshumaa wa Argia

Kitu cha kwanza alichokiona Nerina asubuhi ile, alipokuwa akifunga vifungo mbele ya kioo, ni mishono miwili ya uzi mwekundu ndani ya kola ya blauzi. Ilikuwa midogo, na mtu asiyejua asingeiona. Yeye aliijua. Wanawake wanaofua pale mferejini hutia alama ya uzi katika nguo za kila nyumba ili zisichanganyike, na uzi mwekundu ulikuwa wa nyumba ya daktari wa Mtaa wa Galliera. Blauzi haikuwa yake. Jumatatu ilitakiwa irudi kwa mwenyewe, imefuliwa tena na kupigwa pasi, pamoja na mashuka ya nyumba hiyo.

Aliyeitoa kwenye furushi ni mama yake, Argia. Katika miaka ishirini na sita ya kufua, Argia hakuwahi kumvika mtu nguo ya mteja, hata leso. Alimkabidhi binti yake akiwa ameishika kwa ncha za vidole. "Ukila mchuzi, ule polepole," alimwambia. "Na usikimbie, kwapa zitalowa." Hakuuliza mengi. Nerina alikuwa amemwambia kwamba mwenye duka la kofia anakofanya kazi amepata wageni kutoka Torino, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuwatembeza mjini.

Habari ya Torino ilikuwa kweli. Mengine hapana. Mgeni mwenyewe alikuwa Bi Clotilde, mama yake Ottavio, karani wa reli aliyekuwa akimchumbia Nerina mwaka wa pili sasa. Bi Clotilde alikuja kwa siku mbili kuuona mji wa Bologna, na zaidi kumwona msichana. Akiridhika, harusi ingekuwa Septemba. Asiporidhika, kila mtu alijua kwamba Ottavio si mtu wa kumpinga mama yake.

Lakini hofu ya Nerina haikuwa hiyo tu. Siku ya kwanza waliyotembea pamoja, Ottavio alimwuliza kuhusu wazazi. Baba alikufa vitani, hilo halikuwa gumu kulisema. Alipofika kwa mama, aliiona mbele ya macho yake mikono ya Argia, myekundu, iliyopasuka kwa magadi na maji ya baridi, kucha zimelainika kama karatasi iliyoloa, akajisikia akisema kwamba naye alikufa, kwa bomu. Neno lilitoka lenyewe. Alidhani angelirekebisha kesho yake. Lakini Ottavio alivua kofia palepale barabarani, na mtu akishakuvulia kofia kwa ajili ya maiti wako, utaanzaje kumfufua? Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, Ottavio alinunua maua akataka kupelekwa kaburini. Nerina alimzungusha nusu saa kati ya mawe mpaka akapata kaburi la mwanamke lililofutika herufi, wakaweka maua pale. Ottavio alilengwalengwa na machozi. Yeye macho yalikuwa makavu.

Asubuhi ile alikutana na Ottavio na mama yake uwanjani, mbele ya ngazi za kanisa kubwa. Bi Clotilde alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye glavu za kijivu na kitabu cha mji chenye kurasa zilizokunjwa pembe. Alimtazama Nerina kuanzia viatu kupanda juu, bila ubaya, kama mtu anayechagua kitambaa. Kisha akasema kitabu hicho kina maandishi madogo kama chawa, heri asomewe. Nerina aliacha shule darasa la tatu, mwaka wa mabomu, na kusoma mbele ya watu kulimtoa kijasho. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye angependa zaidi kumwonyesha kwa macho.

Na kweli aliujua mji, ila aliujua kwa miguu. Tangu ana miaka minane alikuwa akipeleka mafurushi ya nguo nyumba kwa nyumba chini ya zile baraza ndefu, mvua inyeshe isinyeshe. Bi Clotilde aliposifu jumba fulani lenye nembo ya simba mlangoni, Nerina alieleza kwamba ni la watu wa kale sana. Alichokijua hasa ni kwamba mashuka ya jumba hilo yana viraka katikati.

Walipoingia kanisani ilikuwa karibu na adhuhuri. Kule juu darini kuna tundu dogo, na jua likipenya huanguka sakafuni kama sahani ya mwanga, kisha hutambaa mpaka kuvuka mstari wa shaba uliolazwa kwenye marumaru kuonyesha saa sita kamili. Wenyeji walikuwa wamesimama na saa zao mikononi, kila mmoja akibishana na saa ya mwenzake. Bi Clotilde alifurahi kama mtoto. Kisha, walipokuwa wakitoka, alisimama mbele ya mishumaa, akachukua mmoja, akauwasha.

"Huu ni wa mama yako," alisema. "Marehemu aliitwa nani?"

Ottavio aliinamisha kichwa. Nerina alitafuta jina lolote, na katika majina yote ya duniani lililomjia lilikuwa moja.

"Argia."

"Argia," Bi Clotilde alirudia taratibu, akaupachika mshumaa mahali pake. "Pumzika kwa amani, Argia."

Chakula cha mchana kilikuwa tambi zile ndogo zilizokunjwa na nyama ndani, katika mchuzi wa kuku. Mhudumu aliposikia lafudhi ya Torino aliuliza kama mama angependa apewe miwani, maana kwao tambi za nyama huwa kubwa kama mito ya kulalia. Bi Clotilde alicheka akamwambia wao huwashibisha wageni, hawawafanyi wahesabu tambi. Nerina alikula polepole, kifua mbali na bakuli. Kule kanisani mshumaa ulikuwa ukiyeyuka.

Baadaye walikwenda kwenye mnara mrefu. Hapo Ottavio aligoma. Alikuwa akisomea sheria jioni, na hakuna mwanafunzi wa Bologna anayepanda mnara ule kabla ya kupata shahada. Anayepanda haipati kamwe. Alisema amebakiza mitihani mitatu, hawezi kuichezea.

"Nikipanda nitazeeka bila shahada, Mama."

"Umeshazeeka bila kupanda," Bi Clotilde alimjibu, akamshika Nerina mkono. "Twende, binti. Sisi hatuna cha kufeli."

Zilikuwa ngazi za mbao karibu mia tano. Walipofika juu Bi Clotilde alihema kama mvukuto, kisha akaanza kuuliza: kile kilima chenye kanisa, ile bustani, yale mapaa mekundu. Nerina alimwonyesha pande zote isipokuwa mmoja. Lakini upepo ulikuwa ukivuma, na huko nyuma ya nyumba kulikuwa na vitu vyeupe vikipepea.

"Na kule? Yale mashuka?"

Nerina alijibu kwamba ni mfereji tu, hakuna cha kuona, halafu unanuka. Bi Clotilde alifungua kitabu, akapekua, akafurahi zaidi. Kumbe kuna kidirisha ukutani, ukikifungua unaona maji katikati ya mji. Jirani yake wa Torino alikiona, akakisimulia mwaka mzima. Hawezi kurudi nyumbani bila kukiona.

Njiani Nerina alisema viatu vinambana. Alisema pengine kidirisha hufungwa mchana. Ottavio, ambaye hakujua lolote, alisema kipo wazi kila siku, akakisukuma yeye mwenyewe na kumpisha mama yake mbele.

Chini, maji yalipita haraka kati ya kuta za nyumba. Wanawake watano walikuwa wamepiga magoti kwenye mbao, wakipiga nguo. Wa tatu alikuwa Argia.

Mmoja wao, Zaira, mwanamke wa maneno mengi, alinyanyua uso. "Nyie wa dirishani," alipaza sauti, "mkiona sabuni yangu imepita huko, mniambie imeolewa na nani." Wenzake wakacheka. Kisha akakunja jicho, akamgusa jirani yake kwa kiwiko. "Argia. We Argia, hebu tazama juu."

Argia alitazama. Aliiona blauzi kwanza, Nerina alilitambua hilo, kwa maana uso wake ulichangamka kama mtu aliyeona kazi yake imependeza. Mkono ulianza kunyanyuka. Halafu akamwona Ottavio na kofia yake, akaziona glavu za kijivu, akauona uso wa binti yake. Mkono ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Aliupeleka kwenye paji la uso, akajifuta jasho kwa kiganja kilichoumuka kwa maji.

"Nimeshatazama," alimwambia Zaira. "Ni wageni tu. Inama, shuka lako linakwenda na maji."

Sauti majini husikika mbali. Bi Clotilde hakugeuka. Aliuliza tu, huku akiwa bado anatazama chini, kama Nerina anamfahamu mwanamke yule.

"Hapana," Nerina alisema.

Ottavio alifunga kidirisha.

Kilichokuwa kimebaki ni pale uwanjani, chini ya jumba la kale, penye njia mbili zinazokatana chini ya kuba. Nerina alikuwa amepahifadhi mwisho, kwa sababu alipapenda kuliko pote. Ukisimama kwenye pembe moja, uso ukutani, na mwenzako kwenye pembe ya mkabala, mgongo kwa mgongo, mnanong'ona na kusikilizana, na anayepita katikati hasikii kitu. Alipokuwa mdogo, kila wakirudi kupeleka nguo, Argia alikuwa akimweka pembeni, anakwenda upande wa pili na furushi tupu begani, anamwuliza: umechoka? Na yeye, ambaye mbele ya watu alikuwa bubu, hapo alikuwa akizungumza mpaka Argia amwambie basi, mchuzi unapoa.

Tangu mferejini Bi Clotilde alikuwa amekifunga kitabu chake. Ottavio aliwapanga, akamwelekeza mama yake asogeze uso karibu kabisa na jiwe, kisha akasimama katikati akijinunulia njugu kwa mchuuzi. Nerina alisogea kwenye pembe yake. Jiwe lilikuwa baridi. Upepo ulimpuliza shingoni akakumbuka uzi mwekundu, akashika kola.

Halafu sauti ikaja, karibu kama ya mtu aliyelaza kichwa kwenye mto mmoja naye. Haikuwa na hasira.

"Binti. Mshumaa niliouwasha leo, nimemwashia nani?"

Angeweza kusema kwamba hakusikia. Kuta zina karne nyingi, watu wanapita, nani angembishia? Nyuma yake Ottavio alikuwa akicheka na muuza njugu. Septemba ilikuwa miezi minne tu mbele. Nerina alifumba macho, na alichokiona si harusi wala Torino, ni mkono ule ulioishia nusu ya njia kwa ajili yake.

Akaweka midomo yake kwenye jiwe.

"Mama yangu hajafa," alisema. "Ndiye yule uliyemwona akijifuta uso. Blauzi hii amenivika yeye. Aliyemwua ni mimi, kwa mdomo wangu, kwa sababu niliionea haya mikono yake."