Mwendo wa Themanini

…na sasa anasema tena, funga dirisha, mama watoto, upepo ukiingia humu unatuvuta nyuma na gari linakula mafuta bure, naye anapandisha kioo mpaka juu, joto linawakaba wote wawili, yeye kwenye usukani na mumewe kando, miwani nyeusi, mikono magotini kama mtu aliyeitwa kwenye kikao, dereva wa malori miaka nenda miaka rudi na leo macho yamezima kabisa, lakini masikio, Mungu wangu, masikio yake yanauona mpaka unyayo wa mkewe juu ya pedali… "Umekanyaga ghafla, gari halitaki kushtuliwa, libembeleze," naye analibembeleza, na yeye je, nani wa kumbembeleza, lori la mbele linamfukizia moshi, anataka kulipita, "Usilipite, utafunga breki mbele ya kilima na mafuta yote uliyochoma yamepotea," kilima gani, wewe unakiona, anayeona humu ndani ni mimi, anatamani kupiga kelele lakini anauma ulimi, maana akifungua kinywa litatoka na lile jingine, lile aliloambiwa na daktari wa macho asubuhi hii kwenye korido, mumewe bado ndani anafunga vifungo vya shati, hayatarudi, mama, usimpe matumaini, naye akaingia akamshika mkono, akasema daktari anataka tuvute subira, na mumewe akacheka, subira yavuta heri… "Unakwenda ngapi?" "Themanini." "Hapohapo. Ukizidisha unapigana na upepo, na upepo haujawahi kushindwa na mtu," halafu kwa sauti ileile kavu, "Tukifika mwambie fundi aing'oe keria pale juu ya paa, inakamata upepo na mzigo wenyewe hakuna"… ing'olewe, keria hiyo aliyoichomelea mwenyewe macho yalipoanza kuingia ukungu, eti akipona aanze kubeba mizigo, shemeji aliyethubutu kusema itolewe alifukuzwa na chai haijapoa, na leo mzigo hakuna… mumewe anajua, amejua tangu kule korido, mjinga gani anayenong'ona nyuma ya mlango wa mtu anayesikia pedali, naye angepaswa kumlilia, na machozi kweli yanakuja, ila si ya mumewe, anaona aibu lakini ndivyo yalivyo, kumbe aliyekuwa akiyangoja macho yale kuliko mwenyewe ni yeye, akingoja siku mumewe aseme haya nipishe, naye ahamie kiti cha pembeni, alale njia nzima, asiulizwe chochote na mtu yeyote, na siku hiyo haipo, haikuwapo, ni yeye na usukani huu na sauti hii mpaka mmoja wao azikwe… "Umenisikia?" "Nimekusikia, baba watoto, nitamwambia," na mumewe anaitikia kwa kichwa, anasema haya legeza mguu, hapo mbele kuna mteremko, na kweli, upo.