Nafasi Tupu ya Mwaka 2001

Simu ya Hajati Kaltumi ilimkuta Latif Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, lori lake limekwama kwenye foleni ya forodha tangu alfajiri. Hajati ni mjane wa Mzee Kamis, mwenye kile kibanda cha gemu kule Kibuli, Kampala, ambamo Latif alimalizia ujana wake wote. Mama huyu hana salamu ndefu. Alisema fundi rangi amekuja kupaka ukuta upya, anayarudisha majina ya mabingwa mwaka kwa mwaka, na amefika 2001 akakuta nafasi tupu. Sasa kila anayeingia anauliza. Basi Jumamosi mchana Latif na Akech waje waimalize fainali yao, atakayeshinda aandikwe, na yeye Hajati apumzike na maswali.

Latif alijibu kwamba atakuja hata kwa miguu. Alipokata simu alijikuta anacheka peke yake kwenye usukani, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, moyo unamdunda kama wa mtoto wa shule. Kisha akanyamaza, maana alikumbuka lile jambo.

Jambo lenyewe ni hili, na heri ulijue mapema. Mwaka 2001 Latif alikuwa bingwa mara mbili mfululizo na anajiona yeye ndiye yeye. Akech alikuwa binti wa fundi viatu Mkenya, msichana pekee aliyethubutu kuingia kibandani. Wavulana walimpa padi mbovu, ile ambayo kitufe chake cha kupiga hakibonyei mpaka ukikandamize kwa kidole gumba chote, na kwa padi hiyohiyo akawapangua mmoja baada ya mwingine. Wengi wao, wakishafungwa mawili na msichana, walitupa padi chini wakaondoka kabla mechi haijaisha. Latif peke yake ndiye alikuwa anakaa mpaka mwisho, akifura, akibisha, lakini anakaa.

Kwenye fainali Akech aliongoza mabao mawili kwa moja na saa ya gemu ilibakiza dakika tatu. Latif alikuwa benchi la mbele, peku. Chini ya benchi ulipita waya uliokuwa unalisha kibanda kizima, TV, mashine na balbu zote. Akauhisi chini ya unyayo. Mungu amsamehe, aliubana kwa vidole vya mguu akauvuta mpaka ukachomoka.

Giza. Watu wakaguna tu, maana siku hizo umeme kukatika ilikuwa kawaida kama chai ya asubuhi. Na Mzee Kamis alikuwa na sheria moja isiyo na rufaa: umeme ukikatika, mechi imekufa. Baada ya dakika chache taa zikawaka tena, na Latif hakuwa ameugusa ule waya. Kuna mtu aliuona umechomoka akaurudisha, na kwa hesabu yake mtu huyo alikuwa Mzee Kamis, aliyekuwa akipapasa chini ya mabenchi kutafuta kiberiti. Kesho yake Akech akapelekwa shule ya bweni Busia, na hata alipokuja likizo fainali haikurudiwa. Tangu siku ile Latif hakuweza kumtazama mzee usoni. Hata mzee alipofariki, Latif alikuwa Juba na mzigo, akaona afadhali, kisha akajichukia kwa kuona afadhali.

Jumamosi ilipofika alipanda kilima cha Kibuli wakati watu wanatoka swala ya adhuhuri, na kibandani akakuta hakuna pa kuweka mguu. Upande mmoja kulikuwa na mashine mpya tatu za mpwa wake Hajati, nyeupe, zinang'aa taa za buluu. Upande wa pili, fundi rangi, Mkonjo mmoja wa magharibi anayeitwa Mumbere, alikuwa amekalia kitu kilichofunikwa kitambaa, brashi mkononi, akisubiri jina.

Akech alikuja na bodaboda, amekumbatia TV yake mwenyewe ya inchi hamsini, nyembamba kama sinia. Siku hizi ana meza ya ufundi wa simu na TV sokoni, ana watoto wawili, na sauti yake ni ileile ya kukata maneno. Alimsalimia Latif kwa kumpiga bega, akasema tumbo limekua lakini macho bado ya mwizi. Latif alicheka kidogo kuliko alivyopaswa.

Hajati akaitoa ile PlayStation ya kwanza, ya kijivu, akaipindua juu chini bila kufikiri. Ndivyo ilivyochezwa enzi zile. Ilikuwa inachezwa saa kumi na nne kwa siku, lenzi ikachoka ikawa haisomi CD mpaka mashine ilale kifudifudi. Akech akaigeuza, akaeleza kuwa wiki hiyo ameiwekea lenzi mpya na sasa ikae kama mashine za watu. Hajati hakuamini hata kidogo. Akech alipoinama kuunganisha nyaya, mama akaipindua tena. Mashine ikakoroma, picha haikuja, watu wakacheka mpaka Hajati mwenyewe akanyanyua mikono.

Picha ilipokuja vijana waliangua kicheko kingine. Wachezaji hawana macho. Ngumi zao ni za pembe nne, mashabiki ni rangi zilizomwagwa, na refa hana shingo. Latif aliduwaa. Kichwani mwake nyasi zile zilikuwa nyasi kabisa, na wavu ulitikisika. Hapa aliona zulia la kijani na mistari. Kijana mmoja akasema wazee walikuwa wanadanganywa. Latif akamjibu kwamba gemu yao hiyo nzuri jana ilikaa saa tano inajipakua kwenye mtandao kabla haijakubali mtu aguse mpira, ilhali hii unaitia CD na kabla hujakaa vizuri umeshafungwa. Wazee wachache wakapiga makofi. Mechi ikaanza.

Na Akech alikuwa hovyo. Sikufichi. Alipiga pasi baada ya mpira kuchukuliwa. Aliteleza kukaba mtu aliyeshapita zamani. Latif akafunga moja, akafunga la pili, na yule kijana akasema kwa sauti kwamba ndiyo hayo, gemu za zamani zilikuwa nzito, mtu anabonyeza leo inaitika kesho. Kipindi cha kwanza kilipoisha Akech aliiweka padi mapajani akaitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu.

"Imezeeka," alisema polepole.

Hapo ndipo Latif alipobanwa. Kwa sababu alijua. Alikuwa na mashine kama hiyo kwenye chumba cha kupanga Elegu, ameicheza miaka mitano kwenye TV nyembamba kama hii, na mwanzoni na yeye alifungwa na kila dereva aliyekwisha kuzizoea. TV hizi haziitoi picha kama ilivyoingia. Picha ya mashine ya zamani ni ndogo, kwa hiyo TV inaipokea kwanza, inaivuta, inaisafisha, halafu ndiyo inakuonyesha. Ni kiasi cha kupepesa jicho tu, lakini mpira unaouona umeshaondoka. Latif alijifunza kubonyeza kabla. Akech hakujua. Yeye anatengeneza TV kutwa nzima lakini hachezi gemu kwenye TV hizo, na taarifa ya habari ikichelewa kope moja, nani atajua?

Dakika arobaini na tano za kunyamaza tu, na jina lake lingeandikwa ukutani mara ya tatu. Alimwona Mumbere anaikoroga rangi. Alimwona Akech bado anatazama mikono yake, na hilo ndilo lililomshinda.

"Si mikono yako," alisema. "Ni hii TV. Inakuchelewesha. Mimi nimeizoea, wewe hujaizoea. Tutafute ya kichogo, zile nene za zamani."

Akaeleza yote. Akech alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi machozi, maana nusu ya Kibuli yeye ndiye aliyewashawishi kuzitupa TV zao za kichogo na kununua nyembamba. Sasa watapata wapi? Mmoja akasema Bwaise, mwingine akasema kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hajati alimwendea Mumbere, akamwinua kwa mkono, akavuta kitambaa. Ile aliyokuwa ameikalia tangu asubuhi ndiyo TV ya Mzee Kamis.

Watu wawili waliibeba wakitoa jasho. Latif akataka mechi ianze upya, sifuri kwa sifuri. Hajati akakataa katakata: umeme haujakatika, mechi haijafa, mawili ni mawili. Basi mashine ikaachwa inawaka, Akech akachomoa waya wa picha huku akautia kule, akaipiga TV kofi moja ubavuni. Ikanguruma, ikanuka vumbi la moto, nywele za mikono ya walio karibu zikasimama. Kisha ule uwanja ukatokea, mdogo, mviringo kidogo pembeni, na nyasi, wallahi, zikawa nyasi. Kile kioo cha zamani kililainisha kila pembe. Hata yule kijana akasogea mbele.

Akech alibonyeza mara moja kujaribu. Mchezaji akapiga papo hapo. Akamgeukia Latif, na Latif akamwona yule msichana wa padi mbovu, mzima mzima.

Kilichofuata hakielezeki kwa utulivu. Bao la kwanza lilikuja kabla Latif hajameza mate, na sasa ni yeye aliyebonyeza mapema mno, mikono yake imeharibiwa na zile TV nyembamba. La pili lilipigwa kutoka mbali, vijana wote wamesimama juu ya mabenchi, mashine nyeupe zimeachwa zinacheza peke yake. Mawili kwa mawili, zimebaki dakika tano. Latif hakujua lini mara ya mwisho alifurahi hivi. Ndipo alipohisi kitu chini ya unyayo wake. Alikuwa amevua viatu bila kujua, na waya ulipita palepale, chini ya benchi lilelile.

Aliinua miguu yote miwili akaikunja juu ya benchi kama mtu anayekaa mkekani. Akech alimtupia jicho, akarudi kwenye kioo. Dakika ya themanini na tisa akamzunguka beki, akamlaza kipa, akauingiza mpira wavuni taratibu kabisa. Kibanda kililipuka. Hajati alikuwa anampigapiga Mumbere mgongoni na rangi inamwagika.

Mumbere alipochovya brashi Latif akasimama, akamwomba angoje. Alisema kwa kifupi, mbele ya wote, macho yapo kwenye ule waya. Umeme wa 2001 haukukatika. Aliuvuta yeye, kwa vidole vya mguu, kwa sababu alikuwa anafungwa. Mzee Kamis aliona, akamsitiri mpaka kaburini, na yeye hata kumzika hakuja.

Akech aliweka padi chini.

"Mzee hakuona kitu," alisema. "Aliyeinama akaurudisha waya ni mimi."

Latif akamtazama asielewe. Aliuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo, hata alipokuja likizo wakacheza pamoja.

"Ningesema, mzee angekufukuza," alisema Akech. "Na nani angecheza na mimi? Wenzako wakifungwa walikuwa wanatupa padi. Wewe tu ulikuwa unakaa."

Kichwani Latif alimwona Mzee Kamis, uso ule aliokuwa akiukwepa sokoni na msikitini, uso ambao haukuwahi kumlaumu kwa lolote. Akalia, mbele ya vijana, wala hakujifuta. Hajati alimshika bega akamwacha alie, kisha akamwambia Mumbere aandike jina la Akech, tena herufi kubwa.

Rangi ilikuwa bado mbichi Akech alipoiwasha mechi mpya na kumsukumia Latif padi nzuri, yeye akabaki na ile mbovu.

"Kaa," alisema. "Na miguu juu."