Bundi Hajapigiwa Kengele

Nyumbani kwetu Gómez Palacio, kaskazini mwa Meksiko, mtoto haulizwi akikua atakuwa nani. Anaulizwa shingo inauma upande gani. Babu alicheza mieleka, baba akacheza, mimi Otilia nacheza, na hata mama, ambaye hajawahi kupanda ulingoni, humshika kuku kwa kabari kabla ya kumchinja.

Jina kubwa la familia ni Bundi: kinyago cheusi chenye macho ya manjano, kinachofungwa kisogoni kwa kamba kama kiatu. Sura iliyo ndani mji hauijui, wala hautakiwi kuijua. Ndiyo maana baba alipofariki kwa ugonjwa wa moyo mwezi Machi, tulimzika kimyakimya kama fundi bomba, na Jumapili iliyofuata kaka yangu Rutilio akakivaa kinyago. Watu wakamshangilia Bundi wao yule yule.

"Kapungua kidogo," muuza karanga aliniambia.

"Mkewe kamnyima maharage," nikamjibu.

Kwetu mwanamieleka akifa, ukumbi husimama na kengele ya ulingo hupigwa mara kumi, polepole. Hapo ndipo marehemu anapojua kazi imekwisha. Baba hakupigiwa hata moja. Utampigiaje kengele mtu ambaye dakika hiyo hiyo anaruka kutoka juu ya kamba?

Mwezi haukuisha, Rutilio akaanza kuja kunywa chai na tortila, chapati zetu za mahindi, kinyago kikiwa usoni.

"Vua hilo dude, unazitia hofu tortila," nikamwambia.

Hakucheka. Alivuta kiti cha baba, akanyoosha mguu wa kushoto. "Goti linauma," alisema. "Mvua itanyesha."

Goti la Rutilio ni zima kama la mbuzi. Lenye chuma lilikuwa la baba. Na kwetu mvua ni shangazi wa mbali, haji mpaka umemsahau. Siku ile ilinyesha kabla ya chakula cha mchana.

Nikasimama nyuma yake nimfungue, kama kila Jumapili, nimng'oe na nywele mbili tatu. Nililegeza tundu la kwanza. Nilipogusa la pili, la kwanza lilikuwa limeshajikaza. Nikarudia, likajikaza tena. Ndipo nikaisikia sauti ya kaka yangu, ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Otilia, mwambie baba asogee. Nabanwa."

Utani wote ulinikaukia mdomoni. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, baba hajui kwamba amekufa. Anaendelea kuja kazini, na Rutilio anaisha humo ndani. Tumpigie kengele."

"Bundi akizikwa mbele za watu, kaka yako atapanda ulingoni kama nani? Rutilio nani anamjua?"

"Wewe unamjua."

Mama aligeuza tortila ambayo ilikuwa imeshaungua. "Nenda kwa Baldomero," akasema.

Mzee Baldomero ndiye mwandaaji wa mapambano. Alinisikiliza huku akijikuna kidevu.

"Unataka nimzike Bundi na mwenyewe amesimama? Watu watadai viingilio vyao, binti."

"Waambie ni mazishi. Umeona wapi mtu akidai kiingilio cha mazishi?"

Alitaka kucheka. Kisha akamwona Rutilio akipita mlangoni akiburuta mguu wa kushoto, na kwa kuwa alimjua baba miaka mingi, akavua kofia.

Jumapili alasiri mtangazaji alisema Bundi ametutoka. Watu waliangua kicheko, maana Bundi huyo hapo, katikati ya ulingo, peke yake. Nilikaa mezani pa kengele, nikainua nyundo.

Ya kwanza walicheka. Ya pili pia. Kufika ya nne kofia zilianza kuvuliwa, bila mtu kuamrishwa. Ya sita, Bundi aligeuza kichwa akanitazama, mimi si mwingine, kama baba alivyokuwa akinitazama nikichelewa kurudi nyumbani. Nikapiga.

Ya nane, kamba za kisogoni zilianza kulegea. Mikono ya Rutilio ilikuwa inaning'inia mapajani. Kamba zilichomoka tundu baada ya tundu, kutoka chini kwenda juu, bila haraka, kama mtu aliyechoka anavyovua viatu mlangoni.

Ya kumi, kinyago kilianguka. Rutilio alibaki amefumba macho kwa mwanga, nywele zimelowa jasho, sura isiyojulikana na mtu yeyote ukumbini isipokuwa sisi wawili, mama na mimi. Mama alikuwa kwenye viti vya nyuma kabisa.

Kaka alikuja mpaka kwenye kamba, miguu yote miwili ikikanyaga sawa.

"Asante kwa kunifungua," alisema. "Leo hata nywele hujaning'oa."

Nikamwonyesha nyundo, bado nimeishika kwa mikono yote miwili; kutoka mezani pa kengele nilikuwa sijainuka.