Bakshishi ya Madam Loretta

Crisanto alikuwa na wivu. Tuseme hivyo hivyo, tusizunguke. Ulimwanza siku abiria walipopanda meli pale Miami, alipomwona Madam Loretta akiburuta sanduku lake, akampungia mkono kwa furaha, kisha akapinda kushoto, upande wa mhudumu mwenzake, Wendel.

Kwa miaka mingi Madam Loretta na mumewe, watu wa Ohio wasiokosa kuzunguka Karibi kila majira ya baridi, walilala upande wa kulia wa ghorofa ya nane, na vyumba vya upande wa kulia huhudumiwa na Crisanto. Yeye ndiye aliyejua kwamba bibi huyo hapati usingizi bila mto wa tatu. Yeye ndiye aliyewapelekea supu bwana alipoumwa. Sasa bwana kafariki, bibi kaja peke yake, na ofisi huko nchi kavu imempa chumba cha kushoto. Basi, ni hilo tu. Hakuna aliyepanga njama. Lakini nenda kamweleze hayo mtu mwenye wivu.

Na wa kushoto angekuwa mtu mwingine, afadhali. Wendel walitoka naye mji mmoja, Iloilo kule Ufilipino. Crisanto ndiye aliyemfundisha kazi, hadi kukunja taulo likawa nyani. Sasa nyani huyo alikuwa ananing'inia chumbani kwa Madam Loretta, kavalishwa miwani ya jua ya Madam mwenyewe, na kicheko cha bibi kinasikika korido nzima. Crisanto akiwa anabadilisha mashuka ng'ambo ya pili alikisikia, akauvuta mto kama anayemnyonga kuku.

"Kuya, wali wako unapoa," Wendel alimwambia mezani, chini kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi. Alimwita kuya, kaka mkubwa, kama adabu ya kwao inavyotaka. "Umenuna nini?"

"Nani kanuna?"

"Wewe!" alidakia Babes, mama wa dobi, mdomo umejaa samaki. "Uso umekukauka kuliko huyu samaki wangu. Jamani mwacheni, mwenzenu kaporwa mke!"

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Madam anakutaja kila siku, kuya," Wendel akasema. "Leo kaniambia, 'Ndiyo maana unafanya kazi vizuri, mwalimu wako ni Crisanto.'"

Maneno hayo yangemtuliza mtu mwenye akili zake. Crisanto yalimchoma. Mwalimu! Kwa hiyo yeye keshakuwa wa kusifiwa tu, wa kukumbukwa, na anayefungua mlango asubuhi akaambiwa "karibu mwanangu" ni mwingine. Akasukuma sahani, akaondoka.

Safari ilipokaribia kwisha, Madam Loretta alimshika mkono koridoni.

"Crisanto, mwanangu, nisaidie. Mambo ya bakshishi alikuwa anayashughulikia marehemu mume wangu Harold, mimi sijui chochote. Naona wananikata kila siku kwenye hesabu yangu. Hivi hela hizo zinamfikia Wendel kweli? Nataka nimtendee haki yule kijana."

Hapo ndipo angejibu ukweli yakaisha. Kila mfanyakazi wa meli ile aliujua. Makato ya kila siku hugawiwa wote, wa vyumbani, wa jikoni, wa dobi. Mgeni muungwana huyaacha yalivyo, na akipendezwa na mtu humwongezea bahasha juu yake. Akienda mapokezi akayafuta, hata kwa nia njema, namba ya chumba chake hushushwa kwa wasimamizi, na aliyemhudumia hulazimika kusalimisha chochote alichopewa mkononi, kigawiwe wote. Anayeficha akakamatwa, anarudishwa kwao. Abiria hawayajui hayo.

"Nenda mapokezi wayafute, Madam," alisema Crisanto. "Halafu mpe mwenyewe mkononi. Ndivyo itakavyomfikia."

"Nilijua wewe hutanidanganya."

Jioni ile alikula sahani mbili, akawatania watu, akamwambia Babes ananenepa. Tusimfichie: raha aliisikia.

Asubuhi ya kushuka, korido imejaa masanduku, Babes alimpitia akiwa kakunja uso.

"Umesikia? Wendel kapewa bahasha nono, kaipeleka yote kwa msimamizi. Yote, Crisanto! Na kule kwao kimbunga kimewaondolea paa, mama yake analala kwa jirani. Sijui ni nani aliyemdanganya yule bibi."

Crisanto akajifanya anahesabu taulo. Kabla hajamaliza, Madam Loretta akatokea, koti mkononi, macho yanang'aa. Alimshika mashavu kwa mikono miwili.

"Nimefanya kama ulivyoniambia! Nimefuta yale makato, nikampa mwenyewe. Crisanto, kijana wa watu alilia! Kama si ushauri wako ningeondoka sijamfanyia kitu. Kuna mtu gani mwingine angemjali mwenzake hivyo? Wewe ndiye mwema kuliko wote humu. Mwakani nitawaambia wanirudishe upande wako."

Hayo ndiyo aliyoyataka safari nzima, na sasa kapewa yote, na mikono ya bibi iko mashavuni mwake. Mapokezi palikuwa bado wazi. Neno moja tu, na Madam angerudi kuyarudisha makato, Wendel akarudishiwa bahasha yake. Lakini akilisema, mikono hiyo itaondoka, na haitarudi tena.

"Alilia kwa furaha, si ndiyo?" bibi akauliza.

"Ndiyo, Madam. Kwa furaha."

Bibi akambusu, akageuka, akambusu na mtu aliyekuwa nyuma yake, kisha akaelekea kwenye lifti akipunga mkono. Mtu huyo alikuwa Wendel. Alikuwa kaja kumbebea sanduku, na macho yake bado yalikuwa mekundu. Alikuwa amesikia kila kitu.



"Kumbe ni wewe," Wendel akasema taratibu, kwa lugha ya kwao. "Kuya, kama ulikuwa unamtaka, si ungeniambia tu? Tungebadilishana vyumba siku ile ile ya kwanza."

Akalinyanyua sanduku, akamfuata Madam.