Herufi ya Tatu

Kidole cha dada wa kaunta ya uwanja wa ndege kilishuka taratibu juu ya karatasi yangu. Kikapita jina la Mama, kikapita tarehe yake ya kuzaliwa, kisha kikasimama. Akaifungua pasi ya Mama, akailaza kando ya ile karatasi, na alipoinua macho hakumtazama Mama. Alinitazama mimi.

"Soma hapa," akaninong'oneza. "Halafu soma na hapa."

Nikasoma. Kwenye pasi, namba ilianza kwa herufi mbili, ikafuata sifuri, kisha tarakimu nyingine sita. Kwenye karatasi yangu, ile ya kibali cha safari, ilianza kwa herufi tatu. Mahali pa sifuri palikuwa na O, nene, imeshiba, imekaa pale kama mgeni aliyejikaribisha mwenyewe.

Mimi ndiye niliyeiandika.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya vizazi na vifo, mwaka wangu wa kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha: cheti na daftari, jina na jina, namba na namba. Wenzangu walinibandika jina la Darubini, kwa sababu kosa lililowapita wote lilinasa kwangu. "Kabla hujapeleka kwa mkuu, mpitishie Darubini," walikuwa wakiambiana. Na nyumbani ilikuwa vilevile. Fomu yoyote ya ukoo wetu, iwe ya shule, ya hospitali au ya kiwanja, ililetwa mezani kwangu pamoja na soga na kikombe cha chai. Nilijivunia. Sioni aibu kusema nilijivunia. Aibu yangu ni nyingine.

Kwa hiyo Mama alipotaka kwenda kwa dada yake, hakuna aliyejiuliza nani ashughulikie karatasi.

Mama Mkubwa alikuwa ameolewa nchi ya mbali tangu sijazaliwa. Mama alishawahi kumtembelea mara tatu, na mara zote aliondoka na pasi yake tu mkononi, maana watu wa kwetu hawakuhitaji viza kuingia kule. Lakini mwaka ule walileta utaratibu mpya. Hata asiyehitaji viza sharti aombe kibali kwenye mtandao kabla hajapanda ndege, na kibali chenyewe kinafungwa kwenye namba ya pasi. Hakuna foleni, hakuna mahojiano, hakuna muhuri. Unajaza kwenye simu, unapiga picha, unasubiri.

"Yaani," Mama aliniuliza siku nilipomweleza, "mimi nisiyehitaji kubisha hodi, nibishe hodi kwanza, ndipo niambiwe sihitaji kubisha?"

"Ndivyo hivyo, Mama."

"Haya. Wewe bisha, mimi nafunga sanduku."

Nilibisha kazini, saa ya chakula, mkono mmoja ukiwa na mkate. Jibu lilikuja kabla sijafuta makombo mezani: limekubaliwa. Nikalichapa kwa rangi, nikalitia kwenye bahasha ya plastiki, nikamkabidhi Mama kama mtu anayekabidhi zawadi. Kumbe nilikuwa nimeombea ruhusa pasi ambayo haikuwa ya mtu yeyote duniani.

Lazima niseme kwa nini safari ile haikuwa ya kawaida. Miaka sita kabla yake, Bibi alifariki, na Mama Mkubwa hakuja kuzika. Alipiga simu akasema amekwama kwenye karatasi, kwamba pasi yake imekwisha muda na mpya haijatoka. Mama alikuwa amesimama ukumbini, nyumba imejaa watu, na mbele yao wote akasema, "Karatasi gani inamzuia mtu kumzika mama yake? Anayetaka kufika, anafika." Akakata simu. Nilikuwapo. Niliona alivyoitazama simu kabla ya kuiweka chini, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Tangu siku ile hawakuzungumza tena. Na Mama yangu alikuwa mpokea simu wa hospitali kuu! Miaka ishirini na nane alikaa kwenye kile chumba chake kidogo akiunganisha watu: mume na wodi ya wazazi, daktari na nyumbani kwake, mtoto na baba yake mgonjwa. Sauti yake ilijulikana mji mzima. Lakini namba ya dada yake mwenyewe hakuipiga hata mara moja.

Kisha binti ya Mama Mkubwa akapiga. Akasema mama yake ana wiki, labda siku. Akasema anamuulizia mdogo wake kila mlango unapofunguka.

Mama hakulia. Alitoa sanduku juu ya kabati, akalipangusa vumbi, na kwa siku nne zilizofuata alifuma sweta ya kijani, mchana kutwa, kwa haraka iliyomfanya arudie mkono mmoja mara mbili. "Alikuwa anasikia baridi tangu utotoni, huyu," alisema. Ndilo jambo pekee alilolisema juu ya dada yake katika siku zile nne.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta, saa tatu asubuhi, ndege inaondoka saa tano na nusu. Mama alikuwa hatua mbili nyuma yangu, amekaa kwenye ukingo wa toroli, anavua kiatu. Viatu vilikuwa vipya na vilimbana.

"Kuna nini?" akauliza.

Nina umri wa kutosha sasa kujua kwamba maisha ya mtu yanaweza kugeuka katika muda wa kuvua kiatu. Ningeweza kusema: nimekosea, Mama. Neno moja na jina lake. Badala yake nikageuka, nikamwambia, "Mashine inasumbua."

Dada wa kaunta hakunisaidia, wala hakunifichua. "Tunajaribu tena, mama," akamwambia, na hilo halikuwa uongo. Kisha akaniinamia: "Omba upya sasa hivi. Mara nyingi jibu linatoka kwa dakika chache. Mara nyingine linachukua siku tatu. Nafunga saa nne na nusu. Kupita hapo, sina uwezo."

Nikaomba upya. Nilipiga magoti sakafuni kando ya nguzo, simu juu ya sanduku, miguu ya watu ikipita huku na huku. Namba ya pasi niliiandika nikiitamka kwa sauti kama mtoto anayejifunza kusoma. Ikafika sehemu ya picha. Nikamsimamisha Mama ukutani.

"Wanasema usitabasamu."

"Nani ana tabasamu hapa?" akasema. Picha ile ninayo bado.

Nikatuma. Kioo kikaandika: ombi lako linashughulikiwa. Nikakitazama. Nikakivuta chini kwa kidole, kikajizungusha, kikaandika vilevile. Saa nne kasoro. Saa nne. Foleni ya abiria ikafupika mpaka ikaisha, na dada wa kaunta akabaki peke yake, anapanga vitambulisho vya mizigo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Alikuwa anatusubiri. Saa nne na nusu ilipofika akaongeza dakika tano, na nyingine tatu. Halafu mtu akamwita kwenye redio, akatikisa kichwa kwangu, akazima taa ya juu ya kaunta yake.

Nilirudi kwa Mama. Hakuniuliza, aliiona taa.

"Nipigie," akasema.

"Nani?"

"Dada yangu."

Binti ya Mama Mkubwa alipokea. Tulisikia akisogeza mto, akisema, "Mama, ni wao." Kisha tukasikia pumzi, nzito, yenye mchakacho, na Mama, aliyewahi kutoa sauti tulivu kwa watu waliokuwa wakipiga mayowe, ilimbidi aanze mara mbili.

"Dada. Ni mimi. Niko uwanja wa ndege. Nimezuiwa. Ni karatasi, dada. Ni karatasi tu."

Nilikazia macho sakafu. Nilijua anachongoja Mama, na nilijua anaona ni haki yake kukipata. Alikuwa amesimama wima, kiatu kimoja mkononi, kama mtu anayengoja kuchapwa.

"Pole, mdogo wangu," ile sauti ikasema.

Hiyo tu. Mama akaufunika mdomo wake kwa kile kiatu.

Pumzi ikaja, ikaenda. "Na mimi nilikaa siku mbili," Mama Mkubwa akasema, kila neno likitafuta njia yake. "Kwenye ofisi yao ya pasi. Kwenye ngazi. Mlinzi alinipa maji."

"Hukuniambia."

"Ulikata simu."

Sijui kama alitania. Binti yake aliniambia baadaye kwamba alikuwa na tabasamu. Mama alisema nisamehe, akalisema tena na tena, na upande wa pili tulisikia pumzi tu, kisha binti akarudi akasema amelala, kwamba dawa ndizo zinazomchukua, kwamba tupige baadaye.

Kibali kilifika saa nane mchana. Tulikuwa tumesharudi nyumbani. Mama alikuwa amelala na nguo zake za safari. Ndege nyingine ilikuwa ya keshokutwa. Mama Mkubwa alifariki kesho yake asubuhi, bila kuamka sawasawa. Wakamzika siku iliyofuata, na Mama akafika jioni ya siku hiyo, na sweta ndani ya sanduku. Hakuna aliyemzuia popote. Kibali kilisoma vizuri, akaniambia; walitazama kioo wakampungia apite.

Nimewahi kujifariji kwamba bila kosa langu wasingeongea yale. Ni faraja ya uongo. Wangeyaongea kitandani, mkono ndani ya mkono, kwa jioni nzima na usiku wake. Niliwanyang'anya hilo, na nikampa Mama simu ya dakika nne.

Aliporudi, nyumba ilijaa watu wa kutoa pole, na Mama aliwasimulia wote. "Mashine ilikataa," alisema. "Ilikataa, na baadaye ikakubali, kama haijafanya kitu." Mjomba akatukana mashine zote. Jirani akasema kwamba zamani mtu aliongea na mtu, mkaelewana. Mimi nilikuwa nagawa chai. Nilipita na sinia katikati ya maneno yale, nikiuliza nani anataka sukari zaidi.

Nilistahimili miezi saba. Ofisini nilianza kupitia kila cheti mara tano, nikachelewesha watu, mpaka mkuu akaniuliza kama naumwa. Mwishowe ilitoka uani, mchana wa jua kali, tunaanua shuka. Mama alikuwa ameshika ncha mbili na mimi mbili.

"Mama. Haikuwa mashine."

Nikamweleza. Sifuri, O, mkate, dada wa kaunta. Sikulia, kwa sababu nilihisi kulia kungekuwa ni kumwomba kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza watu maisha yake yote.

"Nani mwingine anajua?"

"Yule dada tu."

Akatazama shuka. "Ile mashine nilishaisamehe, unajua," akasema. "Ilikuwa rahisi. Mtu hali na mashine meza moja." Kisha: "Ungeniambia pale pale. Ningekupiga kofi mbele za watu, tungelia, yangeisha. Miezi saba nimewasimulia watu uongo wako kwa mdomo wangu."

"Nisamehe, Mama."

"Usiniharakishe."

Alilaza ncha zake juu ya kamba, polepole, zisiguse chini, akaingia ndani.

Kwa wiki nyingi alinisemesha kwa adabu kamili. Asante. Tafadhali. Chakula kipo mezani. Hakuna adhabu iliyowahi kuniuma kama ile adabu. Mjomba akaja siku moja akaanza tena kuzitukana mashine, na Mama akamkatiza: "Haikuwa mashine. Kulikuwa na kosa kwenye fomu." Mjomba akauliza kosa la nani. "La kwetu," akasema, akamuuliza habari za mgongo wake.

Hajawahi kutamka kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza. Lakini siku hizi, tukiwa wawili tu, anaanza kunisimulia habari za dada yake wakiwa wadogo, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Jana alikuwa anachambua mchele kibarazani, na bila kuinua kichwa akaniambia jinsi Mama Mkubwa alivyomfundisha kuogelea, kwenye bwawa la nyuma ya shule, yeye ana miaka sita na mwenzake kumi na mmoja.

"Aliniwekea mkono chini ya tumbo," akasema, "akaniambia piga miguu, nimekushika. Nikapiga. Nikaenda mpaka ng'ambo, nikijua kanishika. Nilipogeuka, nikamwona kasimama kule kule tulikoanzia."

Akapuliza pumba, akatazama zinavyopeperuka.

"Nilimkasirikia siku nzima," akasema. Kisha akausogeza ungo upande wangu, nami nikakaa.