Uyoga Uliohama Tawi

Kwenye ukuta wa ukumbi wa shule palitundikwa chati kubwa kama shuka la kitanda, na ndani yake uyoga mmoja ulikuwa umehama. Mwanzo ulikaa tawi moja na mnazi na ua la waridi. Sasa ulikuwa jirani wa wanyama. Waliojua kwamba umehama walikuwa wawili tu, na mmoja wao, mwalimu wa biolojia, kila akipita pale aliongeza mwendo na kuangalia sakafu.

Wazo la chati lilikuwa lake, na tusimnyime haki yake, lilikuwa wazo zuri. Alitaka kuuchora mti wa uhai, viumbe vyote kutoka shina moja, ila badala ya zile picha za vitabuni zinazowaletea wanafunzi usingizi, aliweka emoji, vile vikatuni vya simu ambavyo vijana hutumiana kutwa nzima. Chini kabisa akaweka kijidudu cha kijani kwa niaba ya bakteria. Juu akaweka nyangumi kando ya kiboko, kwa kuwa ni ndugu, na kuku tawi moja na mamba, darasa likacheka mpaka machozi. Chura ilibidi awe kichwa tu, maana waliotengeneza emoji hawakumpa mwili. Sifongo wa baharini hakupatikana kabisa, nafasi yake akapewa yule wa kuoshea vyombo. Darasa la mwisho lote, wanafunzi arobaini na wawili, liliunakili mti huo kwenye madaftari.

Siku hiyo mtunza maabara, ambaye shule nzima ilimwita Mzee Darubini, alikuwa nyuma ya darasa akipanga mirija yake ya kioo. Alikuwa mtu wa rika la baba yake mwalimu, mpole, asiyependa kujitia mbele. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, mwalimu. Huo uyoga naona umekaa ugenini, kwa mimea. Kwao ni huku, karibu na wanyama."

"Uyoga una miguu, mzee?" akadakia mmoja, na wenzake wakaangua kicheko.

"Miguu hauna. Lakini haujipikii chakula kwa jua kama mmea. Na kile kinachoukaza mwili wake ndicho hicho hicho kilichomo kwenye gamba la mende."

Mwalimu hakuwa na uhakika, na hapo ndipo shetani alipompitia. Maneno ya kusema yalikuwepo, tena mepesi: ngoja nikaangalie. Yeye akasema, "Mzee, wewe kazi yako ni kuosha chupa. Kufundisha tuachie wenyewe."

Darasa lilicheka kuliko mwanzo. "Sawa, mwalimu," alisema mzee, akarudi kwenye mirija yake.

Jumamosi asubuhi mwalimu alifungua vitabu kwa nia ya kumkomesha. Alisoma cha kwanza, akasoma cha pili, cha tatu akakifunga taratibu. Mzee alikuwa sahihi, neno kwa neno, hadi kwenye mende. Mtu muungwana angengoja Jumatatu, akasimama mbele ya darasa, akalimaliza kwa dakika mbili. Mwalimu wetu aliwasha kompyuta, akaushika uyoga, akauburuta hadi upande wa wanyama, akachapisha chati mpya. Ile ya zamani aliikunja, akaisukuma nyuma ya kabati. Wanafunzi hakuwaambia kitu. Emoji moja imesogea, nani ataona?

Mkaguzi aliona. Alikuja Alhamisi na mkuu wa shule, Mzee Darubini akiwa juu ya ngazi anapigilia msumari wa mwisho wa chati. Mkaguzi aliivua miwani, akaivaa tena.

"Hapa kwenye uyoga walimu wengi huchemsha," alisema. "Wewe umejuaje?"

"Ni... kusoma tu," alijibu mwalimu.

Kule juu Mzee Darubini alimalizia msumari wake. Mkuu wa shule alimpa mwalimu mkono mbele ya watu, na mwalimu akaupokea, Mungu amsamehe.

Tangu siku hiyo alijichukia. Chakula alikiacha nusu sahani, na mumewe akimuuliza anaumwa nini alisema kichwa. Kila asubuhi alijiambia, leo nasema. Halafu alifika maabara, akasema, "Shikamoo, mzee," akaitikiwa "Marahaba, mwalimu," kwa upole ule ule wa miaka yote, vioo vya darubini vimefutwa na kupangwa tayari kwa vipindi vyake. Angefokewa, angepata nafuu. Upole ndio uliomchoma, na kila siku aliahirisha hadi kesho.

Mitihani ya mwisho ikafika. Wasimamizi walikuwa wageni kutoka shule nyingine, walimu wa hapo hawakuruhusiwa hata kuchungulia karatasi. Biolojia ilikuwa ya mwisho, Ijumaa. Mchana huo darasa la mwisho lilifunga masanduku na kwenda zake, na mwalimu alisubiri ofisini hadi kelele zilipotulia. Alijua vizuri kwa nini anasubiri. Ndipo akaenda maabara.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Ulikuwa sahihi, nami nikakuvunjia heshima mbele ya watoto."

Mzee Darubini alifunga bomba, akakausha mikono kidole kwa kidole.

"Mimi nilishayasahau hayo, mwanangu. Nilipoona chati mpya nilifurahi. Nikasema, basi, mwalimu amewasahihisha watoto, mengine si kitu." Akamtazama. "Walifuta kwenye madaftari, au waliandika upya?"

Mwalimu aliangalia sakafu.

"Uliwaambia, lakini?"

Aligeuka akatoka. Alivuka uwanja mbio, viatu mkononi, wafagiaji wakimshangaa. Getini palikuwa na mmoja tu aliyebaki, kiranja wa darasa, amekaa juu ya sanduku lake akimsubiri baba yake. Msichana yule alipomwona aliinuka, uso umejaa furaha.

"Mwalimu! Nilijua utakuja kutuaga!"

"Mtihani," alisema mwalimu, akihema. "Uyoga. Walitaja uyoga?"

"Walitaja! Swali la nne, tena lina maksi nyingi. Eti uyoga uko karibu zaidi na mmea au na mnyama, na utoe sababu. Nilitaka kuandika mnyama, maana yale maneno ya mzee kuhusu mende yaliniingia kidogo. Halafu nikakumbuka ulivyomjibu." Alicheka, akaziba mdomo kwa adabu. "Nikaandika mmea. Tulipotoka tukaulizana darasa zima, na wote tumeandika mmea, mwalimu. Tumekufuata wewe."